Mabaki ya Uhusika: Historia ya Asili na Maana za Vielezi vya Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vielezi vya Kiingereza vilitoka wapi na maana zake zilibadilikaje, kuanzia Kiingereza cha Kale hadi karne ya 21. Hoja ya msingi ni kwamba vielezi vingi vya lugha hiyo ni nomino na vivumishi vilivyobaki na viambishi vya uhusika baada ya mfumo wenyewe wa uhusika kufa, na kwamba kiambishi -ly, kinachochukuliwa na sarufi za shule kuwa alama ya kielezi, kilipewa kazi hiyo kwa kuchelewa. Makala yanaonesha pia kwamba lawama nyingi za wanasarufi dhidi ya vielezi zilitokana na kutoijua historia hiyo, na kwamba suala hili lina uzito kwa mtaalamu wa Kiswahili anayetafsiri au kueleza vielezi kwa kipimo cha Kiingereza.

Mfungwa na vijineno

Mwaka 1778 John Horne, kasisi wa zamani na mwanaharakati wa siasa ambaye baadaye aliongeza jina la Tooke, alikuwa mfungwa jijini London. Kosa lake lilikuwa kuchapisha tangazo la mchango kwa ajili ya wajane, yatima na wazazi wazee wa Wamarekani waliouawa na askari wa mfalme huko Lexington na Concord mwaka 1775. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuikashifu serikali. Akiwa kifungoni alimwandikia mwanasheria John Dunning barua ndefu iliyochapishwa mwaka huohuo. Haikuwa barua ya kuomba huruma, bali ilikuwa hoja ya sarufi. Horne alidai kwamba hukumu yake ilisimama juu ya maana ya vijineno ambavyo wanasheria walivitumia bila kuvielewa, akalalamika kwamba amekuwa mhanga wa vihusishi viwili na kiunganishi kimoja.

Barua hiyo ndiyo mbegu ya kitabu chake kuhusu mazungumzo ya Purley, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1786 na ya pili mwaka 1805. Humo Tooke alitetea wazo moja kwa ukaidi mkubwa: kwamba katika lugha kuna nomino na vitenzi tu, na maneno mengine yote ni nomino na vitenzi vilivyofupishwa, vikachakaa, asili yake ikasahaulika. Kuhusu vielezi alikuwa mkali zaidi. Kwake, aina hiyo ya maneno ilikuwa kama jalala ambamo wanasarufi walitupa kila walichoshindwa kukieleza.

Tuhuma hiyo haikuwa mpya. Wanafalsafa wa Stoa walikipa kielezi jina la Kigiriki lenye maana ya “kinachopokea vyote”. Jina lililoshinda, ambalo Warumi walilitafsiri kuwa ‘adverbium’, lasema tu kwamba neno hili hukaa kando ya kitenzi. Halielezi neno hilo ni nini wala limetoka wapi. Istilahi ya Kiswahili, kielezi, ina ukarimu zaidi, kwa kuwa hutaja kazi badala ya makazi, lakini nayo hukaribisha mchanganyiko uleule: leo, sana, nyumbani, haraka, mara mbili na kwa kisu hukutanishwa chini ya paa moja ingawa hayafanani kwa umbo hata kidogo.

Tooke alikosea mara nyingi katika mambo madogo. Kosa lake linalojulikana zaidi ni kudai kwamba kiunganishi ‘if’ ni amri ya kitenzi chenye maana ya “toa”, kwa sababu tu umbo la zamani ‘gif’ linafanana na ‘give’. Lakini katika jambo kubwa, yaani kwamba ndani ya karibu kila kielezi cha Kiingereza kuna neno jingine lililozikwa, alikuwa karibu na ukweli kuliko wapinzani wake. Alichokosa ni ushahidi. Ulinganishi wa lugha za Kijerumaniki uliofanywa na Rasmus Rask na Jacob Grimm ulikuja baada ya wakati wake, na kamusi kubwa ya kihistoria ya Oxford ilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884, ikakamilika mwaka 1928.

Mwili ndani ya kiambishi

Mwanafunzi wa Kiingereza, awe Morogoro au Manchester, hufundishwa mapema kwamba kielezi ni kivumishi kilichoongezwa -ly. Kisha hukutana na ‘friendly’, ‘daily’ na ‘lonely’, ambavyo vina -ly na bado ni vivumishi, na ‘fast’, ‘hard’ na ‘well’, ambavyo ni vielezi na havina -ly. Huambiwa kwamba hayo ni mambo ya pekee yasiyofuata kanuni. Kihistoria, hayo ndiyo kanuni, na kilichokuja baadaye ni hiyo inayoitwa kanuni.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani takribani kati ya karne ya 5 na ya 11, nomino ‘līc’ ilikuwa na maana ya “mwili”, hasa mwili usio na uhai. Kijerumani bado kina ‘Leiche’, “maiti”, na baadhi ya makanisa ya Uingereza bado yana lango lenye paa liitwalo ‘lychgate’, mahali ambapo jeneza lilipumzishwa likimsubiri kasisi. Neno hilohilo lilitumika kama kiambishi cha kuunda vivumishi: kutoka ‘frēond’, “rafiki”, kilipatikana ‘frēondlic’, yaani chenye mwili au umbo la rafiki. Kutoka katika mzizi huo vilizaliwa pia ‘like’, “kama”, pamoja na ‘such’, ‘which’ na ‘each’, ambavyo katika maumbo yao ya kale vilikuwa na ‘līc’ ndani yake ingawa leo hakuna sikio linaloweza kuusikia mwili huo.

Kwa hiyo -ly ilianza kama kiambishi cha vivumishi. Alama ya kielezi ilikuwa kitu kingine: irabu -e mwishoni. ‘Heard’ ilikuwa “gumu”, na ‘hearde’ ilikuwa “kwa nguvu”. ‘Hlūd’ ilikuwa “enye sauti kubwa”, na ‘hlūde’ ilikuwa “kwa sauti kubwa”. Vivyo hivyo, ‘frēondlic’ ilipopewa -e ilikuwa ‘frēondlīce’, “kirafiki”. Irabu hiyo -e huelezwa na wanahistoria wa lugha kuwa ni baki la kiambishi cha uhusika cha zama za mbali zaidi, kabla ya Kiingereza kujitenga na ndugu zake.

Msomaji wa Kiswahili hataona ajabu hapa. Neno kirafiki laweza kusimama peke yake kama kielezi, “walizungumza kirafiki”, na likitanguliwa na -a unganifu huwa sehemu ya kivumishi, “mazungumzo ya kirafiki”. Umbo moja hubeba kazi mbili, na kinachozitenganisha ni kijisehemu kidogo tu. Katika Kiingereza kijisehemu hicho kilikuwa irabu moja isiyo na mkazo, na irabu isiyo na mkazo mwishoni mwa neno ndiyo ya kwanza kufa.

Ilikufa polepole, kuanzia kaskazini ya nchi kuelekea kusini, na kufikia mwaka 1400 hivi ilikuwa imetoweka au inatoweka katika usemi wa London. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko ukubwa wa sauti yenyewe. Kivumishi na kielezi sasa vilisikika sawa: ‘hard’ na ‘hard’, ‘loud’ na ‘loud’. Lakini hata kabla ya hapo wasemaji walikuwa wameanza kuisoma -līce kama kiambishi kimoja kisichogawanyika, wakakibandika moja kwa moja kwenye vivumishi visivyo na -lic, kwa mfano ‘heardlīce’ kando ya ‘hearde’. Irabu ilipozama, umbo hili refu lilibaki likielea. Kusini lilitamkwa ‘-liche’ na kaskazini ‘-ly’, na wataalamu wengi huuhusisha ushindi wa umbo la kaskazini na athari ya lugha ya Skandinavia iliyozungumzwa na walowezi wa huko. Hivyo ndivyo kiambishi cha vivumishi kilivyogeuzwa kuwa alama ya vielezi, si kwa sababu kilistahili, bali kwa sababu aliyekuwa na kazi hiyo amekufa. Hii pia ndiyo sababu Mwingereza hujikwaa anapotaka kielezi cha ‘friendly’. Umbo ‘friendlily’ limo kamusini, lakini wengi hulikwepa kwa kuwa linaubeba mwili uleule mara mbili.

Kifaransa kilipita njia iliyo karibu na hiyo lakini kikachukua kiungo kingine. Kiambishi -ment katika ‘clairement’ kinatokana na Kilatini ‘mente’, umbo la uhusika la neno lenye maana ya “akili” au “nia”. Mfaransa akisema jambo limefanywa waziwazi, kihistoria amesema limefanywa kwa akili iliyo wazi. Mwingereza amesema lina mwili ulio wazi. Si busara kutafuta falsafa ya mataifa mawili katika tofauti hiyo, ingawa wapo waliojaribiwa.

Viambishi visivyo na bwana

Nje ya -ly na -e kuna kundi jingine ambalo, kwa mwanaisimu, ni tajiri zaidi. Kiingereza cha Kale kilikuwa lugha ya uhusika: nomino ilibadili mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Uhusika milikishi wa nomino nyingi za jinsi ya kiume ulikuwa -es, na umbo hilo lilitumika pia kutaja wakati. ‘Dæges’ kutoka “siku” ilikuwa na maana ya “mchana, wakati wa mchana”. Kando yake kulikuwa na ‘nihtes’, “usiku”.

Neno ‘nihtes’ lastahili kutazamwa kwa makini. ‘Niht’ ilikuwa nomino ya jinsi ya kike, na kwa kanuni haikupaswa kuchukua -es hata kidogo. Ilichukua kwa kufuata mfano wa mwenzake ‘dæges’. Maana yake ni kwamba tayari katika zama hizo, kabla uhusika haujafa, -es ilikuwa imekwisha kujitenga na mfumo wake na kuwa alama ya kielezi. Haikuoana tena na jinsi ya nomino. Ilisema tu: neno hili linaeleza wakati. Mfano wa Kiswahili ulio karibu ni kiambishi vi- katika “anaimba vizuri” na “wameishi vibaya”. Hakuna vitu vya ngeli ya KI-VI vinavyorejelewa hapo. Upatanisho umebaki ganda, na ganda limekuwa kielezi.

Ganda la -es liliendelea kuzaa. Lilitoa ‘once’ na ‘twice’, ambavyo tahajia yake ya -ce iliwekwa ili msomaji asiitamke s kama z. Lilitoa ‘needs’, “kwa lazima”, na ‘else’, “vinginevyo”, kutoka katika neno la kale lenye maana ya “-ingine”. Lilipachikwa hata pale ambapo uhusika milikishi haukuwahi kuwapo: ‘always’, “daima”, ilianza kama ‘ealne weg’, “njia yote”, katika uhusika wa yambwa, na -s iliongezwa katika Kiingereza cha Kati kwa sababu vielezi vilikuwa na desturi ya kuishia hivyo. ‘Besides’, ‘afterwards’ na ‘nowadays’ zina historia zinazofanana na hiyo. Mmarekani asemaye kwamba fulani hufanya kazi ‘nights’ hudhani anatumia wingi wa “usiku”, lakini jadi ya usemi huo hurudishwa kwenye ‘nihtes’ ya miaka zaidi ya 1000 iliyopita. Mabaki ya uhusika yamejificha ndani ya nguo za wingi.

Uhusika mwingine uliacha mabaki machache zaidi. Kiambishi -um cha wingi kimo ndani ya ‘whilom’, “hapo zamani”, kutoka ‘hwīlum’, “nyakati fulani”, na kwa mfano wake ‘seldan’, “kwa nadra”, iligeuzwa kuwa ‘seldum’ na hatimaye ‘seldom’. Kimo pia katika historia ya ‘piecemeal’, “kipande kwa kipande”, ambayo sehemu yake ya pili inatokana na ‘mǣlum’, “kwa vipimo”. ‘Mǣl’, yaani kipimo au wakati uliopangwa, ndiyo hiyohiyo iliyozaa ‘meal’, “mlo”, kwa kuwa mlo ni wakati uliopangwa wa kula. Vielezi vingine ni virai vizima vilivyoganda: ‘today’ ni “kwa siku”, ‘indeed’ ni “katika tendo”, ‘alone’ ni “wote mmoja”. ‘Perhaps’ imeunganishwa kutoka ‘per’ ya Kilatini na Kifaransa, ‘hap’ ya Kiskandinavia yenye maana ya “bahati”, na -s ya Kiingereza. Neno moja dogo, ndani yake historia ya uvamizi mara mbili.

Mfano wenye uzito kuliko yote ni kielezi cha ukanushi ‘not’. Katika Kiingereza cha Kale ukanushi ulibebwa na ‘ne’ kabla ya kitenzi. Ili kuutilia mkazo, wasemaji waliongeza ‘nāwiht’, “hakuna kitu”, baada ya kitenzi. Mkazo ukazoeleka, nyongeza ikawa ya lazima, na ‘ne’ ikadhoofika hadi ikatoweka. Nomino ile, ikiwa imechakaa kuwa ‘not’, ikaachiwa kazi yote. Otto Jespersen aliueleza mzunguko huu mwaka 1917, na Kifaransa kina mwenzake katika ‘pas’, ambayo ilikuwa “hatua” ya mguu. Tooke angefurahi kuuona ushahidi huu.

Askofu na kivumishi uchi

Baada ya irabu -e kufa, Kiingereza kiliishi kwa karne kadhaa kikiwa na vielezi vya aina mbili bega kwa bega, vyenye -ly na visivyo nayo. Waandishi wa karne ya 16 na ya 17 walichagua kwa sikio. Kisha ikaja karne ya 18 na hamu yake ya kuiweka lugha katika utaratibu. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alichapisha mwaka 1762 utangulizi mfupi wa sarufi ya Kiingereza uliotumika sana mashuleni. Humo alisema kwamba vivumishi wakati mwingine hutumiwa kama vielezi isivyostahili, na miongoni mwa aliowatolea mifano ni Shakespeare na Dryden.

Lowth alikuwa msomi mkubwa wa Kiebrania, na si haki kumfanya mjinga kama baadhi ya waandishi wa siku hizi wanavyofanya. Mfumo wa Kilatini aliouzoea ulitenganisha kivumishi na kielezi kwa umbo, na alitaka lugha yake ifanye hivyo. Lakini alichokiona kuwa kivumishi kilichoingia mahali pasipo pake, mara nyingi kilikuwa kielezi halali kilichopoteza irabu yake. ‘Hard’ katika “fanya kazi kwa bidii” hakikuazimwa kutoka kwa kivumishi. Ni mrithi wa ‘hearde’. Vielezi vichanga zaidi, kikiwamo ‘slow’ cha vibao vya barabarani Marekani, viliundwa kwa kufuata njia ambayo warithi hao waliiacha wazi.

Kanuni ya Lowth haikuwaua vielezi wa aina hiyo, ila iliwasukuma kwenye usemi wa kawaida na kuwaachia wenye -ly uwanja wa maandishi rasmi. Pale ambapo wote wawili walibaki, waligawana maana. ‘Late’ ni kuchelewa, ‘lately’ ni hivi karibuni. ‘Near’ ni karibu kwa mahali, ‘nearly’ ni karibu kwa kiasi. ‘Hardly’, ambayo awali ilikuwa “kwa nguvu” kisha “kwa shida”, kufikia karne ya 16 ilikuwa inaelekea “kwa shida sana, karibu sivyo kabisa”. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeandika kwamba baba yake hufanya kazi ‘hardly’, akitii kanuni aliyofundishwa, humtangaza mzazi wake kuwa mvivu. Anayesahihisha humkata alama. Kosa, kusema kweli, ni la kanuni.

Haraka inayochelewa

Umbo ni nusu ya historia. Nusu nyingine ni maana, na hapa vielezi vya wakati vina mwenendo ambao hauhitaji maelezo marefu kwa mtu yeyote aliyewahi kuambiwa dukani “sasa hivi” akasubiri nusu saa. ‘Sōna’ katika Kiingereza cha Kale ilikuwa “papo hapo”. Leo ‘soon’ ni “baadaye kidogo”. ‘Anon’, kutoka kirai chenye maana ya “katika moja”, ilikuwa “mara moja”. Katika sehemu ya kwanza ya tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Mfalme Henry wa Nne, mtumishi wa kilabu aitwaye Francis huitikia kwa neno hilo tena na tena bila kwenda anakoitwa, na mzaha wote umejengwa juu ya neno lililokwisha kupoteza uharaka wake.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ni ghala la mabadiliko haya. Katika Marko 6:25 binti wa Herodia anataka kichwa cha Yohana apewe ‘by and by’. Msomaji wa leo hudhani hakuwa na haraka, kumbe alikuwa anakitaka papo hapo. Katika Mathayo 21:19 mtini unanyauka ‘presently’, yaani wakati uleule. Neno hilo baadaye lilisogea hadi “punde si punde” huko Uingereza, huku Scotland na Marekani likitumika pia kwa maana ya “kwa sasa”. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version ina “mara” katika aya hiyo ya mtini, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo uharaka wake haujachakaa. Sababu ya kuchakaa kwa mengine si ya kisarufi. Watu huahidi haraka kuliko wanavyotenda, na neno la ahadi hulipa deni la mwahidi.

Vielezi vya kukoleza huchakaa kwa sababu iliyo karibu na hiyo: kila msemaji hutaka kuaminiwa zaidi ya aliyemtangulia. Kiingereza cha Kale kilitumia ‘swīþe’, “kwa nguvu”. Kiingereza cha Kati kikaongeza ‘full’, ‘right’ na ‘well’. ‘Sore’, ambayo asili yake ni maumivu, ilikoleza hofu na huzuni, na ndugu yake wa Kijerumani ‘sehr’ amesahau maumivu kabisa akawa “sana” tu. ‘Very’ iliingia kutoka Kifaransa cha Kale ikiwa kivumishi chenye maana ya “-a kweli”, na ikashika kazi ya kukoleza kwa nguvu katika karne ya 15 na ya 16. Ilipochoka, ‘truly’ na ‘really’ zikaitwa kusaidia, nazo pia zina ukweli ndani yake. Wanaokasirika leo kwamba ‘literally’, “kwa mujibu wa herufi”, hutumika kutia chumvi, husahau mambo mawili. Matumizi hayo yamo katika riwaya ya Frances Brooke ya mwaka 1769, na ‘very’ wanayoitumia wao wenyewe ilipita njia hiyohiyo.

Uhakika nao haudumu. ‘Doubtless’, “bila shaka”, kwa kawaida leo humaanisha “yaelekea”. Msemaji aliye na hakika kamili hahitaji kuitaja shaka. Hapa Kiswahili kina mfano ulio bora kuliko wowote wa Kiingereza: labda, kutoka Kiarabu ‘lā budda’, “hapana budi”. Katika Kiarabu kirai hicho hufunga mlango. Kilipovuka na kuwa kielezi cha Kiswahili kiliufungua, na jambo lisiloepukika likawa jambo linalowezekana tu. Anayesema “hapana budi” na “labda” katika sentensi moja ametumia asili ileile mara mbili kwa maana zinazopingana.

Tumaini la nani?

Ugomvi wa mwisho unaostahili kutajwa ulizuka Marekani katika miaka ya 1960 kuhusu ‘hopefully’. Neno hilo lilikuwa na maana ya “kwa moyo wa matumaini” na lilieleza namna ya kutenda. Wasemaji walianza kuliweka mwanzoni mwa sentensi kwa maana ya “ni matumaini ya msemaji kwamba”. Wakosoaji, akiwamo E. B. White katika toleo la mwaka 1972 la mwongozo wake maarufu wa uandishi, waliuliza: akisema kwamba ‘hopefully’ treni itafika, ni nani mwenye matumaini, treni? Mwongozo wa shirika la habari la Associated Press uliendelea kuyakataa matumizi hayo hadi mwaka 2012.

Swali lilikuwa zuri lakini liliulizwa kwa neno moja tu. Hakuna aliyeuliza ni nani mwenye bahati katika ‘fortunately’ au mwenye huzuni katika ‘sadly’. Vielezi hivyo navyo vilihama kutoka kueleza tendo hadi kueleza mtazamo wa msemaji, vikasamehewa kwa sababu vilihama mapema.

Kwa Kiswahili, suala hili si la ugenini. Katika tafsiri za habari na taaluma imejengeka desturi ya kukigeuza kila kielezi cha -ly kwa kanuni moja kati ya mbili, ama kwa ikifuatwa na nomino, ama ki- kwenye shina. Kanuni hizo ni halali na zina mizizi katika lugha, kama kirafiki inavyoonesha. Lakini huchukulia kwamba -ly ina maana moja, ile ya namna, ilhali historia inaonesha kwamba kiambishi hicho kilikusanya kazi zilizoachwa na wenzake waliokufa: namna, kiwango, wakati na mtazamo. Mtafsiri anayeandika “Kwa matumaini, mvua itanyesha” ameipa mvua matumaini kwelikweli, kwa kuwa kwa matumaini katika Kiswahili bado ni kielezi cha namna: mtu hungoja kwa matumaini. Kiswahili chenyewe hulitaja tumaini kwa kitenzi, “inatumainiwa kwamba”, au hulikabidhi kwa Mungu akipenda.

Kadhalika kwa uwezekano. Kando ya labda lugha ina yamkini, ambayo katika Kiarabu ni kitenzi kizima, “inawezekana”, na ina huenda, kitenzi cha mazoea cha -enda ambacho hakimwendei mtu yeyote tena. Kiingereza kilifika hapohapo kwa ‘maybe’, sentensi nzima, “yaweza kuwa”, iliyoganda ikawa neno moja. Huenda bado inavaa kiambishi chake cha hu-, kama ‘needs’ inavyovaa -s, na kamusi huiorodhesha kama kielezi bila kumuuliza msomaji ni nani aendaye.